Mr. Freeze Alipewa Moyo na Runinga

Kila filamu mpya ya mashujaa wa katuni inapotoka, mjadala huwa ni uleule: je, wamelifuata jarida la katuni au wamelipotosha? Mashabiki huweka picha ya ukurasa kando ya picha ya filamu, wakalinganisha rangi ya vazi, wakaorodhesha yaliyoachwa, kisha wakatoa hukumu. Sikubaliani na kipimo hicho, na sababu yangu kubwa ni katuni ya runinga iliyoanza kurushwa Marekani mwezi Septemba 1992, Batman: The Animated Series. Walioitengeneza waliyajua majarida vizuri sana, wakayaheshimu, na kwa sababu hiyohiyo waliona pale yalipopungukiwa, wakayajazia.

Mfano ulio wazi kabisa ni Mr. Freeze, adui wa Batman. Alitokea mara ya kwanza Februari 1959, katika toleo la 121 la jarida la Batman, wakati huo akiitwa Mr. Zero. Alikuwa mhalifu aliyepatwa na ajali akiwa katika majaribio ya bunduki yake ya barafu, akawa hawezi tena kuishi bila vazi la kumpoza mwili, na baada ya hapo akaendelea na wizi wake. Msomaji hakuambiwa mtu huyu anampenda nani wala anatafuta nini duniani zaidi ya vito. Kipindi cha runinga kilichoanza mwaka 1966 kilimbadilisha jina, kikampitisha kwa waigizaji watatu, George Sanders, Otto Preminger na Eli Wallach, lakini hata hapo aliendelea kuwa mtu wa kuchekwa. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa na bunduki na vazi tu, basi.

Septemba 7, 1992 ikarushwa sehemu iitwayo “Heart of Ice”, iliyoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Inaanza na tufe dogo la kioo ambalo ndani yake mna sanamu ya msichana anayecheza baleti, chembe nyeupe zikimwangukia, na sauti ya mwanamume ikizungumza naye. Sauti hiyo ni ya Michael Ansara, nayo haipandi wala haishuki, hata pale maneno yanapokuwa mazito kiasi ambacho mtu mwingine angelia. Baadaye ndipo tunapofahamishwa kwamba Freeze, jina lake halisi Victor Fries, alikuwa mwanasayansi, kwamba mkewe Nora alipata ugonjwa usio na dawa, na kwamba alimgandisha ndani ya tangi ili amhifadhi hadi tiba ipatikane. Bosi wake, Ferris Boyle, alipogundua kuwa fedha za kampuni zinatumika kwa kazi hiyo, aliingia na walinzi akaamuru umeme uzimwe, na katika purukushani hiyo akampiga Fries teke lililomwangusha kwenye kemikali. Hadithi inapoendelea, Boyle huyohuyo yuko ukumbini akipewa tuzo ya utu na ukarimu.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara navutiwa na jinsi Dini alivyoipanga kwa uangalifu ndani ya dakika 22 hivi. Tangu mwanzo Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, ana mafua. Mtumishi wake, Alfred, anamfungia supu ya kuku ndani ya chupa ya chai, na sisi watazamaji tunaichukulia kuwa jambo dogo la nyumbani, mzee kumjali kijana aliyemlea. Mwishoni, Batman anapokuwa amezidiwa na hana silaha iliyobaki, ni chupa ileile anayoivunja juu ya kofia ya kioo ya Freeze, na supu ya moto inakipasua kioo kilichojaa baridi. Kwa hiyo kinachomshinda mtu aliyenyang'anywa mapenzi yake ni kitu kilichopikwa kwa mapenzi. Hakuna mhusika anayelitamka jambo hilo, na uandishi wa namna hii ni nadra hata katika filamu za watu wazima. Tuzo ya Emmy ya uandishi ambayo sehemu hiyo ilipata ilistahili kikamilifu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1997, filamu ya Batman & Robin iliyoongozwa na Joel Schumacher ilichukua habari za Nora na kumpa Arnold Schwarzenegger uhusika wa Mr. Freeze. Mke mgonjwa yumo, tangi limo, mapenzi yamo. Lakini mhusika huyo hafungui kinywa bila kutoa utani kuhusu baridi au barafu, na huzuni haipati nafasi ya kutua. Ukiipima filamu ile kwa kuhesabu tu mambo iliyoyachukua kutoka kwenye hadithi ya Dini, ungesema ni aminifu. Ndiyo maana nasema kipimo cha kulinganisha ukurasa na picha hakitoshi.

Siku nne baada ya “Heart of Ice”, katuni hiyohiyo ilitoa zawadi nyingine. Katika sehemu iitwayo “Joker's Favor”, Joker, adui mkuu wa Batman, alihitaji msaidizi wa kike, na Dini akamfikiria rafiki yake, mwigizaji Arleen Sorkin, ambaye katika tamthilia ya Days of Our Lives alikuwa amewahi kuonekana ndani ya ndoto akiwa amevaa mavazi ya mchekeshaji wa mfalme. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Harley Quinn, huku Sorkin mwenyewe akimpa sauti. Hakuwahi kuwamo katika jarida lolote kabla ya hapo. Mwaka 1993 aliingia katika jarida lililotokana na katuni hiyo, mwaka 1994 Dini na Timm wakaeleza asili yake katika jarida la Mad Love, wakimwonyesha kama daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya Arkham aliyenaswa na mgonjwa wake, na mwaka 1999 akapokelewa rasmi katika ulimwengu mkuu wa majarida ya DC, kampuni inayochapisha hadithi za Batman. Kufikia mwaka 2016, Margot Robbie alipomwigiza kwenye sinema, wengi walidhani ni mhusika wa zamani kama Joker mwenyewe. Sorkin alifariki Agosti 2023, naye ameacha mhusika ambaye sasa watu wengi wanamjua kuliko wanavyomjua yeye, jambo ambalo nadhani tunapaswa kulisahihisha kila tunapomtaja Harley.

Mafanikio haya hayakutokana na hadithi peke yake. Eric Radomski, aliyeianzisha katuni hiyo pamoja na Timm, aliamua mandhari zichorwe juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, kwa hiyo mchoraji alianza na giza akaongeza mwanga pale tu ulipohitajika. Ndiyo maana mji wa Gotham wa katuni ile unaonekana kama umezama usiku hata kabla ya jambo lolote kutokea. Andrea Romano, aliyeongoza waigizaji wa sauti, alipenda kuwaweka studio moja wakirekodi kwa pamoja, wakijibizana ana kwa ana, na Kevin Conroy alimpa shujaa sauti mbili: moja nyepesi ya Bruce Wayne mbele ya watu, nyingine ya chini na nzito ya Batman. Ukisikiliza kwa makini utatambua kwamba sauti ya Batman ndiyo ya kweli, na ya Bruce ndiyo kinyago. Conroy alituaga Novemba 2022.

Hata makatazo ya kituo cha runinga yalizaa sanaa. Kwa kuwa ilikuwa katuni ya watoto, kuonyesha vifo waziwazi hakukuruhusiwa, ilhali hadithi ya Robin, msaidizi kijana wa Batman, haiwezi kusimuliwa bila wazazi wake kuanguka kutoka kwenye bembea ya sarakasi. Katika “Robin's Reckoning”, iliyorushwa Februari 1993, watengenezaji hawakutuonyesha miili ikianguka. Walituonyesha kamba: inachanika, kisha inarudi ikining'inia bila mtu. Mtoto anaelewa, mtu mzima anaumia, na hakuna hata tone moja la damu lililochorwa.

Wanaosema kwamba jarida ndilo asili na kwamba kila kinachoongezwa nje yake ni uchafuzi wanasahau jinsi mashujaa hawa walivyojengwa tangu awali. Superman alipotokea mwaka 1938 hakuwa anaruka angani kama ndege. Alikuwa akichupa tu, na kuruka kwake kulikuja kushika mizizi mapema miaka ya 1940, wakati wa mchezo wa redio na filamu za uhuishaji za studio ya Fleischer. Madini ya kryptonite yanayomdhoofisha yalisikika redioni mwaka 1943, na yakachukua takriban miaka sita kuingia katika jarida. Alfred alikuwa mtu mnene asiye na sharubu hadi filamu ya mfululizo ya mwaka 1943 ilipompa uhusika huo William Austin, mtu mwembamba mwenye sharubu, na majarida yakambadilisha Alfred wao afanane naye. Shabiki anayelinda “asili” leo mara nyingi analinda mambo yaliyobuniwa studioni.

Majarida yenyewe yaliwahi kujaribu kujitoa katika deni hilo. Mwaka 2012, DC ilipokuwa imeanza upya hadithi zake zote, Scott Snyder alishiriki kuandika toleo lililofichua kwamba Nora hakuwahi kuwa mke wa Freeze: alikuwa mwanamke aliyegandishwa miaka mingi kabla, na Fries alikuwa mtafiti aliyejidanganya kwamba anapendwa. Lilikuwa wazo la kijasiri na liliandikwa kwa ustadi, ninakiri hivyo bila shida, lakini lilimrudisha mhusika kule alikotoka, akawa tena mtu tunayemtazama kwa mbali. Halikudumu. Mwaka 2019 Nora aliamshwa kutoka kwenye barafu katika kurasa za Detective Comics, akiwa ni mke wa Victor Fries, kama Paul Dini alivyomwandika kwa ajili ya watoto waliokuwa wakitoka shule mchana na kuwasha runinga mwaka 1992.