Mapanki ya mwaka 1444

Jumapili, saa tatu usiku. Umeme umerudi dakika ishirini zilizopita na laptopu inakula chaji kama mtu aliyefuturu.

Tangu Ijumaa ninazunguka na ujumbe mmoja kichwani. Mtoto wa shangazi, yuko chuo hapa hapa Mwanza, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata elfu hamsini kwa kuwachapia watu ripoti zao. Nataka nyongeza moja ya lile gemu. Nichukue ipi?" Nikamjibu marahaba, nipe siku mbili. Mwenye akili zake angejibu kwa mstari mmoja. Mimi nikafungua daftari.

Gemu lenyewe ni la kompyuta, Europa Universalis IV, na nyongeza ni vifurushi vya kulipia vinavyoliongezea mambo mapya. Kwa asiyelijua: ni ramani ya dunia nzima, inaanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya Waosmani kuwapiga Wakristo pale Varna, na inafungwa mwaka 1821. Unachagua nchi yoyote unayotaka na kuibeba mgongoni: kodi, ndoa za kifalme, majeshi, madeni, waasi. Hakuna kufunga goli la ushindi. Lilitoka Sweden mwezi Agosti 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi likawa linaongezewa nyongeza juu ya nyongeza. La tano lilitoka Novemba 2025. Mimi sijahamia. Laptopu yangu hata hili la nne likifika miaka ya 1700 huanza kukoroma, nami humwachia feni niende kuoga.

Sasa, jana asubuhi nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kumchukulia mama dagaa. Wakati wa kurudi nikamkuta mama mmoja kando ya barabara anakaanga mapanki. Kwa msomaji asiye wa huku: sangara akifika kiwandani huchunwa minofu pande zote mbili. Minofu huwekwa kwenye barafu ikapanda ndege. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na hayo ndiyo mapanki. Yakikaangwa vizuri mifupa midogo huvunjika mdomoni kama bisi. Halafu kuna nyama ambayo kisu cha kiwandani hakikuifikia: shavuni, nyuma ya kichwa, na uzi mwembamba kati ya mbavu. Mtoto wa Mwanza huitafuta kwa kidole gumba huku akiongea na watu, hata hatazami.

Nilikuwa nimefika shavuni swali la dogo lilipokaa sawa kichwani. Watu wengi wakiipima nyongeza huhesabu vitu: misheni ngapi, vitufe vingapi, nchi mpya ngapi. Mimi siku zote nimekuwa nikiuliza jambo moja, ila sikuwa na maneno yake. Huu mnofu ni wa samaki mpya? Au ni wa samaki yule yule niliyemnunua mwanzo, kachunwa usiku nikiwa nimelala, na mimi nimebakiwa na mapanki yangu mkononi?

Chukua nyongeza ya Common Sense, ya Juni 2015. Sasisho lililotoka pamoja nayo lilikuwa la bure kwa kila mtu, nalo liliwekea kila jimbo kipimo cha maendeleo chenye sehemu tatu: kodi, uzalishaji, na watu wa kwenda jeshini. Wazo zuri, mimi nalipenda hadi leo. Lakini kitufe cha kupandisha hayo maendeleo kwa alama za mfalme wako, zile anazokupatia kila mwezi, kiliwekwa ndani ya nyongeza ya kulipia. Ambaye hakununua aliona namba, akajua inapandishwa, akakosa pa kubonyeza.

Kwa anayecheza Ufaransa hilo ni kero ndogo. Ufaransa ishazaliwa tajiri. Uzito wake unauona ukichagua nchi ya huku, na hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Hadi mwaka 2016 gemu liliigawa dunia katika makundi ya teknolojia. Nchi za kusini mwa Sahara zilibandikwa kundi lao siku ya kwanza, na kila hatua ya maarifa iliwagharimu zaidi ya Mzungu. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja: upakane na nchi ya kundi la Magharibi, kisha upitie miaka ya vurugu za kujigeuza Mmagharibi. Mara ya kwanza kulielewa hilo nilicheka peke yangu sebuleni. Yaani mfalme wa bara akae angoje Mreno aje ajenge ubavuni kwake, ndipo apewe ruhusa ya kuelewa bunduki!

Oktoba 2016, pamoja na nyongeza ya Rights of Man, sasisho la bure likayafuta hayo yote na kuleta taasisi. Mwamko wa sanaa na elimu huchipuka Italia kuanzia 1450, ukoloni 1500, mashine ya uchapaji 1550, na kuendelea. Kila taasisi husambaa jimbo kwa jimbo kama habari ya msiba. Isipokufikia, gharama ya teknolojia yako hupanda mwaka hadi mwaka. Hesabu mwenyewe mwendo wa kutoka Italia hadi ziwani kwetu. Ila safari hii kulikuwa na njia ya mkato: unamimina alama zako kwenye jimbo moja tu, unalipandisha, unalipandisha, mpaka taasisi inachipuka hapo hapo kwako bila kumngoja mtu. Ufundi mtamu sana. Na unaumimina kwa kitufe gani? Kile kile cha Common Sense.

Ugonjwa ulikuja bure, dawa ikawa dukani.

Nikiri na upande wa pili. Baadaye kitufe hicho kiliingizwa kwenye gemu la msingi, kama ilivyokuwa kwa makundi ya wenye nguvu, yaani makabaila, watu wa dini na wenye miji, ambayo nayo yalianza kama bidhaa ya nyongeza ya The Cossacks. Na kweli fedha za wanaonunua ndizo zilizokuwa zinawalipa wanaotengeneza masasisho ya bure tunayoyala sisi wengine. Nilikula mapanki hayo miaka mingi, na yalikuwa na nyama. Lakini mtu anaponiambia Common Sense ni nyongeza bora kwa kuwa "huwezi kucheza bila hiyo", mimi husikia shtaka, hata kama yeye anadhani anaisifu.

Dogo hata hivyo hakuwa akiuliza kuhusu hiyo. Najua anachokitaka. Shangazi aliolewa na Mnyambo, kwao ni Kayanga, wilayani Karagwe, na kijana huyu kila akifungua ramani hukimbilia ng'ambo ya ziwa: Karagwe. Ipo kweli. Kanchi kadogo kamebanwa kati ya Buganda na Rwanda, kanafuata dini ambayo gemu limeipa jina la dharau walilolipenda wamisionari. Gemu halikuonyeshi ikulu ya Bweranyange wala ng'ombe wa chuma waliokuwa hazina ya watawala wake. Ukisubiri sana, utafika 1821, miaka arobaini kabla ya wapelelezi Speke na Grant kukaribishwa na mfalme Rumanyika mwaka 1861. Kwa hiyo hata Mzungu wa kukusimulia hayupo.

Nyongeza ya Afrika inaitwa Origins, ya Novemba 2021. Ilileta misheni za Magharibi, Kati na Mashariki mwa bara, na mimi niliicheza kwa Kilwa wiki nzima ya mvua. Misheni ni maagizo ya mzee: nenda kachukue pale, ukirudi nitakupa hiki. Raha yake ipo, hasa kwetu, kwa sababu kabla ya hapo nchi nyingi za huku zilikuwa na orodha ile ile ya jumla, kama sare ya shule. Lakini misheni huliwa mara moja. Raundi ya pili ni hadithi uliyokwisha kuisikia, unaitikia paukwa huku unajua nani ataliwa na fisi. Nyongeza inayoleta utaratibu mpya hufanya kazi ukiwa Kilwa, ukiwa Japani, ukiwa Venice. Hiyo ndiyo tofauti ninayoipima kwa uzito zaidi ya bei.

Na kuna jambo ambalo Origins haikuligusa, wala nyongeza nyingine yoyote niliyoicheza. Biashara kwenye gemu hupita vituoni, na kati ya kituo na kituo pamechorwa mshale. Mshale haugeuki. Kituo chetu ni Zanzibar, na ukiifuata mishale ya dunia nzima miisho yake ni mitatu tu: Venice, Genoa na English Channel, yote Ulaya. Teka pwani yote kuanzia Mogadishu hadi Sofala, uwe na merikebu kumshinda Mreno mara mbili, bado hutaweza kuifanya mali ya Ulaya ije Kilwa. Unachoweza ni kuweka ndoo pale Zanzibar na kukinga kabla maji hayajapita. Mwaka 2014 ilitoka nyongeza nzima ya biashara, Wealth of Nations, ikaleta makampuni ya biashara ya kuwekwa kwenye majimbo ya mbali. Mishale ikabaki ilipokuwa.

Na hapa ni pwani! Pwani ambayo kaskazi iliwaleta wafanyabiashara na kusi ikawarudisha, kwenda na kurudi, karne kwa karne. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji mzuri uliojengwa vyema, zaidi ya miaka 100 kabla ya gemu kuanza. Watengenezaji waliweza kumpa mfalme wangu tamaa, ukatili na ulevi, wakashindwa kuupa upepo pande mbili. (Najua. Mtu wa Mwanza kulalamikia mshale unaoelekea Ulaya, huku ana shavu la sangara mkononi. Mama alicheka nilipomsimulia.)

Zilizobaki nilizipitisha haraka daftarini. Leviathan, Aprili 2021: ilitoka na hitilafu nyingi mno, wanunuzi wa Steam, duka la magemu la mtandaoni, wakaipa alama za chini kabisa, mkuu wa studio akaomba radhi hadharani. Imerekebishwa tangu wakati huo, na kuboresha majengo makubwa ya kihistoria kunanogesha, ila sitamshauri mtu aanze nayo. Art of War, nzuri. Ile ya nyimbo za Sabaton, bendi ya magitaa makali ya huko huko Sweden, ni ya wenye spika. Ile ya sura za merikebu za Kiislamu ni pambo tupu, na ninayo, na sijuti.

Leo mchana ndipo nikamwandikia dogo hukumu yangu. Asinunue kitu. Kuna njia ya kulipia kwa mwezi ukazitumia nyongeza zote, basi asubiri likizo, alipe mwezi mmoja, aonje kila sufuria. Atakayoikumbuka mwezi ukiisha, hiyo ndiyo aje aingojee punguzo la bei. Nilijiona mzee wa busara kabisa.

Akajibu kwa sauti, anacheka: "Kaka, samahani. Origins nilishainunua jana usiku. Kadi ya mtandaoni ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali, nikaona nisiilaze." Kulipia mwezi hakutaki. Anataka kitu kiwe chake. "Na kaka, ni Karagwe. Mzee nilimwonyesha kwenye simu, akauliza nani kaandika hilo jina pale."

Sikuwa na la kujibu juu ya hilo, kwa hiyo nikauliza vita vinaendaje.

Vibaya. Buganda imemla kabla hata ya 1460, mara mbili. Mara ya tatu kafunga ndoa za kifalme na kila jirani, kakopa, sasa amekaa na alama zimejaa hajui pa kuzipeleka, na teknolojia inazidi kupanda bei kwa sababu ya jambo fulani la Italia asilolielewa.

"Kaka," akasema, "kuna kitufe chochote cha kuongeza jimbo?"

Nikampigia. Nilimwambia afungue jimbo la makao makuu, atazame juu, zile namba tatu, apeleke kishale kwenye ya kwanza. Akabonyeza, akabonyeza tena, nikamsikia anahesabu kwa sauti, mpaka dakika zangu zikaisha.