Got Alila, Tena

13 Februari. Usiku wa kuamkia tarehe hii mwaka 1990, Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na hapo: risasi kichwani, mguu umevunjika, umeteketezwa kwa moto. Polisi wakadokeza kwamba huenda alijiua.

Ajivunje mguu, ajipige risasi, halafu ajichome? Au alianza na moto? Kwetu kejeli hiyo haijawahi kuzeeka, ila hakuna anayecheka.

Mama husema siku hizo ukitaja jina la Ouko ndani ya matatu, abiria wote hugeukia dirishani. Sasa tunalitaja tupendavyo. Haijasaidia kitu.

Kinachonichosha ni kwamba uchunguzi ulifanywa, tena si mara moja. Alikuja mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London, akaandika ripoti. Ikaundwa tume ya Jaji Evans Gicheru. Rais Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru akashtakiwa. Jaji aliyeisikiliza kesi hiyo akafariki ikiendelea, ikaanza upya, mshtakiwa akaachiliwa huru 1994. Baada ya KANU kuondoka madarakani tukajua sasa ndiyo sasa. Kamati ya Bunge ikahoji watu, ikarudi hadi Koru. Ripoti yake ilipofikishwa bungeni 2010, wabunge wakaikataa.

Kila mara wazee walivaa makoti wakakaa karibu na redio. Afadhali wangeambiwa mapema kwamba hakuna kitu, waomboleze wamalize. Badala yake walipewa tumaini, wakanyang'anywa, wakapewa tena. (Na huyu alikuwa waziri. Aliyeuawa akirudi sokoni, nani atamwundia hata hiyo tume ya kuvunjwa?)

Mashahidi kadhaa wameshakufa, na baadhi ya waliokuwa wakinyooshewa vidole pia. Mimi nimeacha kungoja mtu atiwe pingu. Ningeridhika Serikali ikitoa kila karatasi iliyonayo, bila kufuta mstari, tujisomee wenyewe.

Nimemwambia mjomba hivyo leo asubuhi, akakasirika kweli kweli.

"Karatasi kazi yake ni kufungia mandazi," akasema. "Mimi nataka jina."