Kwa nini taa za metali halaidi hubadilika rangi zikizeeka

Kwenye karakana za mbao na maghala ya nafaka huku Nyanda za Juu Kusini, taa za metali halaidi za wati 400 bado utazikuta, ingawa LED zinazisogeza pembeni. Zitazame zikiwa kwenye mstari mmoja: hii nyeupe, ile ina ubuluu, nyingine inavuta pinki. Wengi hulaumu vumbi. Vumbi hupunguza mwanga, lakini mageuzi makubwa ya rangi hutoka ndani ya balbu yenyewe.

Ndani ya kioo cha nje kuna kijibomba kidogo cha kwatsi, yaani kioo kinachostahimili joto kali. Humo mna zebaki, gesi kidogo ya agoni, na chumvi za iodini, mara nyingi za metali za sodiamu na skandiamu. Taa ikiwashwa, zebaki hutangulia, ndiyo maana mwanga wa mwanzo ni wa kibuluu. Dakika 3 hadi 5 baadaye chumvi zimeshayeyuka na sehemu yake imekuwa mvuke. Sodiamu inaleta unjano, skandiamu inajaza rangi nyingine, na macho yanaona weupe. Weupe huo unategemea kiasi cha kila metali kwenye mvuke, na kiasi hicho hakibaki kilivyotoka kiwandani.

Sodiamu ndiyo hutoroka mapema. Ayoni zake ni ndogo, na kwatsi ikiwa na joto kali hupenya polepole hadi nje ya kijibomba. Unjano unapungua, taa inaegemea buluu. Iodini iliyoachwa peke yake inafanya taa iwe ngumu kuwaka, na volti kwenye ncha za balbu inapanda mwaka hadi mwaka. Mwishoni volti inayopatikana kupitia choki, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, haitoshi kuishikilia: taa inawaka, inazimika, inapoa, inawaka tena. Skandiamu nayo humenyuka na kwatsi yenyewe. Ikipotea zaidi kuliko sodiamu, mwanga unavuta pinki. Balbu zenye metali ya thaliamu, zikipoteza sodiamu, hugeuka kijani. Juu ya hayo yote, tungsteni ya elektrodi, ncha za metali ambazo umeme hupita kati yake, huruka na kupaka weusi ukutani mwa kijibomba, na mwanga unafifia.

Baridi ya Mufindi au Njombe isisingiziwe. Kioo cha nje kimewekwa pia kutunza joto la kijibomba, kwa hiyo usiku wa Juni haubadilishi rangi kiasi cha kuonekana. Volti ndiyo ya kuangaliwa. Kwa choki ya kawaida, umeme ukishuka asilimia 5 chini ya volti 230, nguvu ya taa hushuka karibu mara mbili ya hapo. Chumvi hazivukizwi vya kutosha, zebaki inatawala, na balbu mpya kabisa inatoa ubuluu. Pima volti penye taa, siyo kwenye swichi kuu, na upime saa ambazo mashine za kupasulia mbao zinafanya kazi.

Kabla ya kununua chochote, zima umeme, subiri balbu zipoe, kisha badilishana balbu mbili kati ya holda mbili. Rangi ikihama na balbu, balbu imechoka. Ikibaki palepale, kosa liko kwenye choki, nyaya au volti. Soma maandishi ya choki: za wati 400 zipo za takriban ampea 3.25 na za ampea 4.6, na balbu lazima ilingane na yake. Balbu ya ampea ndogo kwenye choki kubwa huchemka kupita kiasi na kuzeeka haraka. Kapasita, kifaa cha kupunguza ampea zinazovutwa kwenye laini ya umeme, ikiwa imeunganishwa sambamba na laini haihusiki na rangi. Ikifa, ampea za laini ndizo zinapanda. Angalia pia mkao: balbu iliyoandikwa ya kusimama ikilazwa, chumvi hukusanyika penye joto tofauti na rangi inapotea mapema.

Kubadilisha balbu moja moja kunazidisha mchanganyiko wa rangi. Mahali ambapo rangi ina maana, kama pa kupanga mbao kwa madaraja ya ubora, badilisha safu nzima kwa pamoja, hata kama chache bado zinawaka vizuri.

Kioo cha nje kikipasuka huku taa inawaka, zima mara moja, maana mionzi yake inaunguza macho na ngozi. Na zile zinazowaka usiku na mchana zizimwe angalau dakika 15 kila wiki: balbu iliyofika mwisho itagoma kuwaka upya, badala ya kupasuka juu ya watu wanaofanya kazi.