Upepo wa Ruaha Mbuyuni

Matuta ndiyo yaliyonishtua. Ukitoka Mikumi mjini kwenda Iringa, vijiji vya barabarani vina matuta yake, na kila tuta linakudai ushushe gia mbili, tatu. Tulikuwa njiani tangu alfajiri kutoka Dar, mimi mbele na pikipiki yangu kubwa, baba mdogo nyuma na ile yake ndogo ya kazi za shamba. Kwenye tuta la tatu au la nne nikaminya klachi, mkono wa klachi ukazama mpaka ukagusa usukani, na gia ikaingia kwa kelele ya vyuma kusagana.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa 7 mwaka 2016. Jumamosi yake tulikuwa tunaweka msalaba kwenye kaburi la bibi, Njombe, kama kilomita 700 kutoka Dar. Baba mdogo ndiye aliyebaki mkubwa kati ya watoto wa bibi. Asingeweza kuchelewa, na mimi nisingeweza kumwacha aende peke yake.

Nilijaribu kuendelea. Nikiwa nimesimama na gia ya kwanza, klachi nimeiminya yote, pikipiki bado ilitaka kwenda. Kupata fri ilikuwa kazi. Lakini nikiuminya ule mkono harakaharaka mara tatu ulipata ugumu kidogo, halafu nikiuachia nusu dakika ulirudi kuwa laini kama unabonyeza godoro. Hapo nikajua ni upepo umeingia kwenye bomba la klachi.

Pikipiki ya baba mdogo ina klachi ya waya. Waya ukilegea unaukaza, ukikatika unauona umekatika. Yangu haina waya. Ukiminya mkono, pampu ndogo iliyo juu ya usukani inasukuma mafuta ya breki kupitia bomba jembamba mpaka pampu ya chini, ubavuni mwa injini, na hiyo ndiyo inayotenganisha sahani za klachi. Mafuta hayashindiliki, ukiyasukuma huku, kule lazima pasogee. Upepo unashindilika. Wa kujaa kifuniko cha kalamu tu unatosha kumeza nguvu yote ya vidole vyako, na klachi haikati, injini inabaki imeshikana na gurudumu.

Tuliingia Ruaha Mbuyuni jua likikaribia kuzama, mibuyu imesimama pande zote, wauza vitunguu wakikimbilia mabasi na ndoo zao. Mbele yetu kulikuwa na Kitonga. Anayeujua mlima ule anaelewa kwa nini sikutaka hata kulifikiria: kona za kubana, bonde upande mmoja, malori yanapanda kwa mwendo wa kutambaa na mara yanasimama. Ukiwa nyuma ya lori na klachi isiyokata, ama injini inazimika mlimani ama pikipiki inakupeleka kwenye bampa.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibanda cha mabati, pikipiki za bodaboda tano zimepangwa nje. Akamwamkia baba mdogo, shikamoo mzee, akaizunguka pikipiki yangu mara mbili bila kugusa kitu.

"Kaka, nisikudanganye. Klachi ya namna hii sijawahi kuifungua."

Nilimheshimu kwa kusema vile. Wengine wangeshaanza kufungua bolti. Nikamwonyesha kikopo cha mafuta pale kwenye usukani, bomba linavyoshuka, pampu ya chini na nipeli yake, ile skrubu ya kutolea upepo. Akachuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akacheka.

"Si breki ya diski hii! Badala ya kubana diski inasukuma klachi."

Ndivyo ilivyo, na toka hapo alikuwa fundi kuliko mimi. Alisoma kwanza kifuniko cha kikopo. Kimeandikwa DOT 4, aina ya mafuta ya breki. Ni jambo la lazima, kwa sababu zipo pikipiki ambazo klachi yake inatumia mafuta ya madini, na ukiweka mafuta ya breki unaharibu raba zote za ndani. Dukani kulikuwa na chupa mbili, moja imeshafunguliwa na ni ya bei nafuu. Tukaiacha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Ya kwangu yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Ni miaka mitatu nilikuwa sijayabadilisha.

Tulitoa upepo kwa njia ya kawaida. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa, upande mmoja kwenye nipeli, upande mwingine ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Mimi naminya na kushikilia, yeye anafungua nipeli robo mzunguko kwa spana namba 8, anafunga, naachia. Minya, shika, fungua, funga, achia. Baba mdogo alishika tochi na kuhakikisha kikopo hakikauki. Viputo vilipita kwenye mpira kama shanga, vikapungua, vikaisha. Mkono ukawa mgumu kiasi, si wa kuridhisha. Kijana akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaufunga ule mkono ukiwa umeminywa, akafunika tangi kwa gazeti. Alisema kwenye breki wanafanya hivyo, vile viputo vidogo vinapanda vyenyewe usiku.

Tulilala gesti ya jirani. Sikulala vizuri.

Asubuhi nilifika kibandani kabla ya kijana. Gazeti lilikuwa na doa la mafuta, duara la ukubwa wa sarafu, chini kabisa ya pale bomba linapoungana na pampu ya juu. Nikaita. Baba mdogo akaja, akaondoa gazeti, akapitisha kidole kwenye tangi.

"Mwanangu, hili lengelenge la rangi limeanza lini?"

Lilikuwepo tangu mwezi wa 5. Niliona rangi imevimba mahali padogo nikadhani ni jua. Mafuta ya breki yanakula rangi, nalijua hilo, na bado sikuunganisha. Mwezi wa 4 nilikuwa nimeinua usukani kwenye gereji moja mjini, bomba likafunguliwa na kurudishiwa na washa zake zilezile za shaba, vile vipete vya kuzibia maungio, zimeshabanwa na kuwa ngumu. Zikawa zinavujisha jasho la mafuta ukiminya, na ukiachia zinavuta upepo. Usiku kucha tulikuwa tumeubana mkono ule, msukumo haukupungua, na kilichokuwa kinajificha kikaanguka kwenye gazeti.

Washa mpya za saizi ile Mbuyuni hazikuwepo. Kijana alitaka kufunga uzi wa plastiki wa mafundi bomba, nikakataa, vipande vyake vinaweza kuziba tundu dogo la pampu. Baba mdogo, aliyefanya kazi ya kuchomelea vyuma miaka mingi kabla ya kurudi shambani, akazichukua zile washa mbili kiganjani, akaenda kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara.

"Mama, naomba mkaa wako dakika tano."

Akazilaza juu ya mkaa, akapepea kwa ule ungo wa mama mpaka zikawa nyekundu ya kufifia, akazibana kwa koleo na kuzitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Zilitoa sauti fupi, chwii. Shaba ikichomwa hivyo inarudi kuwa laini, inabanika upya na kuziba. Akazisugua kwenye msasa uliochakaa mpaka zikang'aa, akanikabidhi bila neno. Sijawahi kumpenda mzee yule kama wakati ule.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Safari hii hatukusukuma upepo kwenda chini. Upepo unataka kupanda, na jana jioni nzima tulikuwa tunaulazimisha kushuka. Kijana akanunua bomba la sindano la mililita 50, akalijaza mafuta mapya, akalichomeka kwenye nipeli na kusukuma polepole kutoka chini, huku mimi nachota yanayojaa juu. Yalipanda meusi, yakaja ya kahawia, halafu kiputo kimoja kikubwa kikapasuka kwenye kikopo, kikafuatiwa na mafuta mapya yenye rangi ya asali. Tukafunga, tukaosha tangi kwa maji mengi. Nikaminya mkono kwa vidole viwili. Ulikuwa mgumu kuanzia mwanzo wa mwendo wake.

Tulipanda Kitonga saa 5 asubuhi, nyuma ya malori. Nilisimama mara sita au saba, klachi ikakata kila mara. Ijumaa usiku tulikuwa Njombe kwenye baridi, na Jumamosi baba mdogo alishika msalaba wa mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Washa mpya nilizinunua Dar niliporudi. Bado ziko kwenye pakiti yake. Za Ruaha Mbuyuni sijazitoa.