Vigingi vimefika, njia bado

Upande wa Goba ninakoishi, pembezoni mwa Dar es Salaam, palikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, na wengi wetu tulinunua vipande vilivyopimwa kwa hatua za miguu, tukaandikiana na muuzaji mbele ya mjumbe, kisha tukajenga kila mtu alipoona panamfaa. Urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi viwanja vilivyojengwa bila mpango, ulipotufikia, majirani walivifurahia vigingi vya mipaka kama mtu anavyofurahia mtoto aliyefaulu mtihani, kwa kuwa kigingi ndiyo njia ya kuelekea hatimiliki, na hati ya miaka 33, 66 au 99 si sawa na leseni ya makazi, ambayo ni kibali cha kuishi mahali kwa miaka michache tu.

Sipingi hati. Ninachosema ni kwamba kupima kipande changu ni kazi ya asubuhi moja, ilhali kupata njia baina yangu na jirani ni mgogoro wa miaka. Katika mkutano wa mtaa tulikubaliana kila upande utoe mita moja na nusu, bila fidia, ili njia yetu ya mita tatu ifikie mita sita. Mchoro ukachorwa hivyo. Lakini aliyekwisha kujenga ukuta alisema ukuta wake ulitangulia mchoro, na mwenye kiwanja kidogo aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini yeye atoe sawa na mwenye kiwanja kikubwa. Swali hilo halikujibiwa, nami naona ndilo lililostahili kujibiwa kabla ya kigingi cha kwanza kuchimbiwa.

Njia isipokuwepo, mengine yote hukwama. Gari la kunyonya maji taka haliingii, kwa hiyo masika yakianza watu hutapisha vyoo usiku, na uchafu huo huteremka hadi korongoni, walikojenga wale waliokosa fedha za kununua mahali pa juu. Jeneza nalo hubebwa mabegani mpaka barabara kubwa.

Wala si jambo geni mjini hapa. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikaingiziwa barabara na maji badala ya kubomolewa. Miaka ya 1990, wakazi wa Hanna Nassif walichimba mitaro na kutengeneza barabara zao kwa mikono yao. Kote huko kazi ilianzia kwenye njia na maji. Sisi tumeanzia kwenye karatasi.

Mimi nimerudisha ukuta wangu nyuma, na mwembe uliokuwa pale nimeukata. Jirani wa juu hajarudisha wake, wala wa chini, kwa hiyo barabara ya mita sita kwa sasa inaanzia kwenye kona moja ya kiwanja changu na kuishia kwenye kona ya pili.