Mvinyo wa bei nafuu kwa mlo wa kwetu: kitimoto, nyama choma, samaki wa kupaka

Mvinyo wa bei ya chini usiponyweka, mara nyingi lawama si ya mkulima. Umepigwa na jua dukani, au umemiminwa ukiwa na joto la sebule ya Dar es Salaam, au umewekwa mbele ya pilipili ambayo ingeumbua hata chupa ya laki tatu. Yote matatu yako mikononi mwa mnunuzi, na kuyarekebisha hakuongezi shilingi kwenye bili.

Tunazungumzia chupa za kati ya shilingi 15,000 na 40,000 za Tanzania, au tuseme 900 hadi 2,000 kwa aliye Nairobi. Hesabu yake iko hivi. Chupa yenyewe, kizibo, lebo, usafiri na ushuru wa bidhaa usiofuata bei vinagharimu karibu sawa, kilichomo kiwe kibovu au kizuri. Kwenye chupa ya bei ya chini kabisa, kinachobaki kulipia zabibu ni kiduchu. Ukipanda ngazi moja, sehemu kubwa ya nyongeza inaingia kwenye zabibu. Ukipanda ngazi nne, tano, unaanza kulipia jina. Kwa hiyo epuka chupa ya bei ya mwisho chini, chukua inayofuata, na ubaki hapo.

Mvinyo wa Dodoma una nafasi yake katika hesabu hiyo. Tanzania hutoza ushuru mdogo kwa mvinyo wenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75, na hakuna meli ya kulipia. Mweupe wa huko hutengenezwa sana kwa Chenin Blanc, mwekundu kwa zabibu ya Makutupora. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, maana hakuna baridi kali ya kuilaza. Mkulima anaikata matawi nayo inachipua upya. Ubora unapishana chupa kwa chupa kuliko wa Afrika Kusini, hilo halifichiki, ila mweupe mkavu (yaani usio na utamu) wa Dodoma uliotoka kujazwa karibuni ni biashara nzuri kwa pesa yake.

Rafuni

Ukiingia dukani, angalia kwanza chupa zimekaa wapi, bei baadaye. Zikiwa dirishani au chini ya taa kali inayotoa joto, ondoka. Hasa mvinyo wa pinki na mweupe ulio kwenye chupa isiyo na rangi: mwanga unauharibu upesi, ukabaki na harufu ya kabichi iliyochemshwa. Chagua duka ambalo mvinyo unatoka haraka, na uvute chupa ya nyuma badala ya ile ya mbele.

Kisha ishike chupa. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimejiinua juu ya mdomo wa chupa, mvinyo ulipata joto, ukatanuka, ukakisukuma. Kukiwa na unato shingoni au mchirizi uliokauka chini ya karatasi ya kifuniko, umevuja, na palipotoka mvinyo hewa imeingia. Iinue kwenye mwanga. Mweupe wa bei nafuu uwe na rangi ya majani makavu. Ukielekea kahawia, umechakaa. Linganisha na ya jirani yake: ambayo mvinyo wake umeshuka chini zaidi shingoni, iache.

Mwaka wa mavuno una kazi moja tu kwa chupa za kiwango hiki, nayo ni kukwambia umri. Mweupe na wa pinki wa kawaida unywewe ndani ya miaka miwili ya mavuno, mwekundu ndani ya mitatu au minne. Afrika Kusini huvuna kati ya Januari na Aprili, kwa hiyo mweupe wa mwaka huu unaweza kuwa rafuni kabla ya Krismasi. Dhana kwamba mvinyo ukikaa unazidi kuwa mzuri haizihusu chupa hizi. Kama lebo haina mwaka, tafuta tarehe ya kujazwa. Kwa mvinyo wa boksi ni lazima uitafute, maana mfuko wa ndani hupitisha hewa kidogo kidogo na baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili tangu ujazwe ladha inaanza kulala.

Lebo za Afrika Kusini zinasomeka vizuri ukijua mambo machache. Zabibu ikitajwa kwa jina, angalau asilimia 85 ya kilichomo ni zabibu hiyo. "Dry", yaani mkavu, haizidi gramu 5 za sukari kwa lita. "Natural Sweet" ina zaidi ya gramu 20, yaani kama vijiko vitano vya chai katika lita moja. Wengi wanaosema hawapendi mvinyo walianza na huo mtamu, ukiwa na joto, pamoja na nyama. Ukikuta mweupe wenye kileo cha asilimia 8 au 9, tegemea utamu, kwa kuwa sukari haikuachwa ichachuke yote; asilimia 12 hadi 13.5 kwa kawaida ni mkavu. Jina la eneo dogo, kama Robertson, Swartland au Stellenbosch, ni dalili nzuri kuliko "Western Cape" peke yake, ingawa si hakikisho. Neno "Reserva" kwenye mwekundu wa Hispania lina sheria: miaka mitatu kabla ya kuuzwa, angalau mmoja ndani ya pipa. Kwenye chupa ya Marekani, "Reserve" halimbani mtu kwa lolote. Uzito wa chupa nao ni gharama ya kioo tu.

Kifuniko cha kusokota si uduni. Kwa joto letu ni afadhali, tena kinafungika upya bila kuhangaika na kizibuo. Na kizibo cha gome kina ugonjwa wake: chupa moja moja hutoka na harufu ya boksi la karatasi lililolowa maji. Ukiinusa hiyo, irudishe. Haitapona kwa kuachwa wazi, na hakuna chakula kitakachoifunika.

Ndoo ya barafu

Hapa ndipo pesa inapookolewa kuliko popote. Watu wanasema mwekundu unywewe kwa "joto la chumba", lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar au Mombasa mwezi wa Februari kinapita 30. Kwenye joto hilo kileo kinatangulia puani, utamu unakuwa mzito kama uji, na kila kasoro inajitokeza. Mwekundu ukae kwenye 15 au 16, mweupe mkavu na wa pinki 8 hadi 10, wa mapovu 6 hadi 8.

Friji ya kawaida iko kwenye nyuzi 4 au 5. Mwekundu uingize dakika 40 kabla ya kula, mweupe angalau saa mbili na nusu. Wageni wakikushtukiza, chukua ndoo, weka barafu nusu, maji nusu, na konzi ya chumvi. Maji ndiyo siri: barafu tupu inagusa chupa sehemu chache, maji yanaizunguka yote, na chumvi inayashusha chini ya nyuzi 0. Mweupe unakuwa tayari kwa dakika 15 hadi 20, mwekundu kwa 8 hadi 10. Hakikisha maji yanafika shingoni, la sivyo glasi ya kwanza itatoka vuguvugu. Friza nayo inafaa kwa nusu saa, basi. Mvinyo huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ukatanuka, na utakuta kizibo kimesukumwa au chupa imepasuka juu ya nyama ya wiki.

Usijaze glasi. Mililita 120 hadi 150 zinatosha. Chupa ya 750 inatoa glasi tano, boksi la lita 3 glasi ishirini. Glasi ndogo inaisha kabla haijapata joto.

Tazama mchuzi kabla ya nyama

Kanuni ya mwekundu kwa nyama na mweupe kwa samaki ni ya jiko lisilo na ndimu, nazi wala pilipili mbuzi. Kwetu anza na vitu vinne: uchachu, mafuta, pilipili, utamu. Nyama ije baadaye.

Chukua kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Kimekaangwa kwa mafuta yake, kimetiwa chumvi, kinaletwa na ndizi, kachumbari, ndimu na pilipili pembeni. Wengi wanakinywea mwekundu mzito, na mambo yanaharibika kwa njia mbili. Ndimu inafanya mvinyo usiokuwa na uchachu wa kutosha uonekane bapa, kama maji yenye rangi. Pilipili nayo, ikikutana na tanini, ule ukakasi wa mwekundu unaokausha fizi, na kileo cha asilimia 14, inawaka maradufu. Kitimoto kinataka Chenin Blanc mkavu, wa baridi. Uchachu wake unakata mafuta yaliyoganda ulimini, unasimama sawa na ndimu, na hauna ukakasi wa kugombana na pilipili. Kwa maoni yangu hakuna ndoa bora ya mvinyo nafuu na chakula cha baa Tanzania nzima. Kama huwezi kuachana na mwekundu, tafuta Cinsault au Merlot mwepesi, uupoze hadi nyuzi 13 au 14, na pilipili ipungue.

Nyama choma ya ng'ombe ni habari nyingine, maana hapo ukakasi una kazi. Protini na mafuta ya nyama hushikana na tanini, chumvi inalainisha, na mwekundu uliokuwa ukikausha mdomo unakuwa mororo. Shiraz au Cabernet Sauvignon itafaa. Mbuzi mwenye moshi wa mkaa mpe Pinotage, zabibu aliyoizalisha Abraham Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault. Pinotage za bei nafuu hupishana sana: nyingine zina harufu ya mpira ulioungua, nyingine zinauzwa kwa harufu ya kahawa inayotokana na mbao za mwaloni zilizochomwa. Hizo za kahawa mimi ningewaachia wanaozipenda. Nyama iliyokaushwa hadi ikawa ngumu haina tena mafuta ya kulainisha mvinyo. Hapo chukua Merlot.

Samaki wa kupaka ana tui zito lenye utamu wake, halafu ukwaju au ndimu, tangawizi, na kuungua kidogo kwa jiko. Sauvignon Blanc, ambayo ingefaa kabisa kwa changu wa kukaanga na ndimu, hapa inakuwa kali kama siki, kwa sababu utamu wa tui unaichongoa. Chagua Chenin Blanc iliyojaa zaidi mdomoni, yenye sukari gramu 5 hadi 12 kwa lita, au Viognier ukiipata. Hiyo hiyo itatembea na kuku wa kupaka na wali wa nazi.

Dagaa usiwaweke karibu na mwekundu. Chuma kilichomo kwenye mvinyo kinakutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha ya sarafu na harufu ya samaki wa jana. Dagaa wa kukaanga wanapenda mvinyo wa mapovu ulioandikwa "Brut", yaani mkavu: chumvi, mafuta, mapovu. Chipsi mayai pia, na usicheke kabla hujajaribu.

Pilau ina bizari nyembamba, karafuu, mdalasini na pilipili manga, viungo vyenye joto lakini visivyochoma. Shiraz ya wastani inaelewana navyo, ila kachumbari ikiwa na ndimu nyingi, mvinyo mkavu wa pinki unasalimika vizuri zaidi. Biriani, kwa vitunguu vyake vitamu na mtindi, inataka mweupe wenye utamu kidogo. Mchicha na kisamvu vina uchungu, kwa hiyo epuka mwekundu wenye ladha ya mbao za mwaloni. Mlenda, kunywa maji.

Kwa vitafunwa vitamu sheria ni moja: mvinyo uwe mtamu kuliko chakula. Mkavu ukikutana na kaimati au keki ya harusi unageuka mchungu papo hapo. Hapo ndipo dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, inapostahili meza, glasi ndogo, ikiwa ya baridi.

Chupa iliyobaki irudi friji, mwekundu pia, hata ukiwasha AC. Mweupe na wa pinki wenye kifuniko cha kusokota unakaa siku tatu hadi tano, mwekundu tatu au nne. Ukibakiza nusu, mimina kwenye chupa ndogo safi ya soda hadi ijae kabisa, maana hewa iliyo juu ya mvinyo ndiyo inayouchosha. Fanya hivyo mapema, mara tu unapojua hutaimaliza. Boksi likiwa frijini linakwenda wiki nne hadi sita baada ya kufunguliwa. Mwekundu uliochoka bila kugeuka siki utie kwenye rosti ya ng'ombe: mililita 150 kwa kilo ya nyama, baada ya vitunguu kukolea na kabla ya nyanya, uuache uchemke mpaka ubaki nusu ndipo uongeze maji. Ukiutia mwishoni, rosti itanuka kileo na kuchacha.