Karoti, rozela na mateke ya sinema: nilivyomtuliza mwanangu

Ushauri niliopewa kuhusu kijana wangu na sinema za mapigano ungekuwa unauzwa, ningeshajenga. Mwalimu wake alianza: "Mzazi, mateke ya huyu kijana yamezidi, huko nyumbani ondoeni TV." Jirani akasema dawa ni fimbo. Mama yangu akataka asomewe dua kwa sababu anaongea usingizini. Shangazi yake naye akacheka tu: "Mwacheni, mtoto wa kiume huyo, lazima awe mkakamavu." Kila mtu ana uhakika utadhani ndiye aliyemzaa.

Mimi ni fundi TV, Temeke. Kuniambia niondoe TV nyumbani ni sawa na kumwambia muuza samaki asinuke. Sebuleni kwangu hazikosekani za wateja, na huwezi kujua imepona mpaka uiwashe.

Kijana ana miaka 8. Mchezo wake ulikuwa kuruka kutoka kwenye mkono wa kochi na kutua kifuani kwa binamu yake huku anaigiza sauti ya mtafsiri: "Kula chuma hicho!" Maana sinema zenyewe ni hizi za kutafsiriwa. Mtafsiri haishii kutafsiri, anaongezea na yake: anayepigwa anakejeliwa, anayepiga anamwagiwa sifa. Wazazi wengi wanalalamikia damu inayoonekana. Mimi naona nusu ya tatizo imo kwenye ile sauti, inayomzoesha mtoto kucheka mtu anapoumia.

Nilianza kwa njia ya kifundi. Nikaweka namba ya siri kwenye king'amuzi, nikajisifia mbele ya mama watoto kwamba hata benki hawana ulinzi wa namna hii. Wiki haikuisha. Narudi kutoka kuchukua spea Kariakoo, nasikia "Kula chuma!" tangu getini. Nikabadilisha namba, akafungua tena. Nikachunguza rimoti, nikachunguza king'amuzi, nikaanza kuhisi kuna hitilafu kwenye programu yake. Kumbe mtoto alikwenda kwa bibi yake na daftari, kwamba mwalimu amewaagiza waandike habari za familia. Bibi kafurahi, kamtajia mwaka niliozaliwa, mwaka wa ndoa yangu, mpaka mwaka nilioanza kazi. Na mimi namba zangu za siri zote zinatoka humo humo. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Na hata ningepata namba asiyoijua, mtaa wa pili kuna kibanda umiza. Unaingia kwa mia mbili mia tatu, benchi la mbao, giza, hakuna anayekuuliza umri. Gemu za mapigano nazo ni hivyo hivyo: hizo alama za 18, kwamba ni za watu wazima tu, zinazowekwa kwenye majalada ya gemu huko Ulaya hazitufikii. Kwetu gemu inakuja kwenye flashi au diski ya kuchoma, jalada liko wapi?

Shemeji yangu anayesoma chuo ndiye aliyeniletea elimu. Akanisimulia jaribio la Albert Bandura la mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Watoto 72 wa miaka 3 hadi 6. Wengine walimwona mtu mzima akilipiga dude la kujaza hewa, analigonga na nyundo, analifokea. Walipoachwa nalo, wengi wakaiga mapigo yale yale, na baadhi wakarudia hata maneno. Mwaka 1963 Bandura akarudia kwa kuwaonyesha kipigo hicho kwenye filamu, watoto wakaiga vilevile. "Shem, umeona? Vunja hizo TV."

Nikamwambia shem, dude lenyewe limetengenezwa upige liinuke, ulitaka walikumbatie? Akanuna. Lakini baadaye akaniletea jingine, na hili nililipenda: mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema ushahidi hautoshi kuhusisha gemu za vurugu na ukatili halisi mkubwa. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na mambo kama kupayuka na kusukumana. Kupayuka na kusukumana! Hiyo ndiyo nyumba yangu. Kwa hiyo sikuwa na jambazi wa kumpeleka polisi, na pia shangazi hakuwa sahihi kwamba si kitu.

Swali lililobaki: ataachaje kuruka kwenye kochi?

Nikamwambia, "Njoo, leo na sisi tunatengeneza sinema." Hakuamini. Tukachukua simu, tukaiegemeza kwenye tofali uani, na binamu yake tukamweka awe adui. Nikamkataza kumgusa. Ngumi ipite umbali wa shubiri moja mbele ya uso, na kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa ili ule mwanya usionekane. Kazi kubwa ni ya anayepigwa, yeye ndiye wa kurusha kichwa. Mara ya kwanza binamu alirusha kichwa kabla ngumi haijatoka, tukacheka. Wakarudia, wakarudia tena. Hapo ndipo kijana wangu aligundua jambo ambalo fimbo isingemfundisha: ngumi nzuri ya sinema inahitaji watu wawili wanaoaminiana.

Sauti ndiyo ilimaliza kazi. Nikalowesha khanga kuukuu, nikaikunja, nikaipigiza kwenye sakafu ya simenti karibu na simu. Paa! Ukisikiliza umefumba macho, mtu kapigwa kofi la mwaka. Kwa mfupa kuvunjika tulitumia karoti, unaishika karibu kabisa na maiki ya simu halafu unaivunja taratibu. Kijana aliomba karoti ya pili, ya tatu, mpaka mama yake akauliza pilau la jioni litapikwa na nini. Damu tulichemsha rozela na sukari, ikaongezewa unga wa ngano kidogo iwe nzito. Tukaifunga kwenye kile kifuko cha barafu na kuiweka chini ya shati. (Tumia shati ambalo umeshakata tamaa nalo. Rozela haitoki.) Gharama yote sidhani kama ilifika elfu tano, ukiacha shati.

Tangu hapo akikaa kwenye TV anakaa kama fundi. "Baba, hapo wamekata." "Baba, hiyo haijamfika." Na mimi nakaa naye, sisemi sana. Mara moja moja nazima sauti, tunaangalia pambano kimya. Ukiondoa muziki na mtafsiri, lile zogo linakuwa watu wawili wanaohangaika. Wajomba zake wanamchukia siku hizi, anawaharibia sinema. Mateke kwa binamu yamepungua sana. Shuleni pia, ingawa huko walimhamisha dawati na kumwingiza timu ya mpira, kwa hiyo sifa zote sizichukui.

Msidhani dawa hii inafaa kwa kila mtoto. Binti yangu wa miaka 4 aliona mchawi kwenye filamu moja, macho meupe na ulimi nje, akagoma kulala. Nikamweleza ni mtu kapakwa rangi, nikamwonyesha hata unga. Akanijibu, "Lakini nimemwona." Mtoto wa umri huo kinachomtisha ni sura aliyoiona, maelezo hayamwingii. Kwake nilizima TV, taa ikaachwa inawaka, akalala ubavuni kwa bibi. Na filamu za wachawi hazichezwi tena akiwa macho, hata kama mteja anangoja TV yake.

Na mkubwa, ambaye ngumi zote anazijua ni za uongo, kilichomtikisa ni taarifa ya habari. Ilionyeshwa vita, watoto wamebebwa mikononi wamejaa vumbi. Akaniuliza, "Hapo wametumia rozela?" Nikamwambia hapana. Siku kadhaa baada ya hapo hakwenda chooni usiku bila kunishika mkono, maana choo chetu kiko nje. Cha ajabu, kati ya wote walionishauri, hakuna hata mmoja aliyeitaja taarifa ya habari, wakati kila nyumba inaiwasha saa mbili usiku watoto wakiwa wanakula. Sasa mimi naisikiliza redioni wakishalala, na akiuliza namjibu kwa ufupi, bila kumdanganya.

Shemeji naye amegeuka. Juzi kaja kuazima simu ya kurekodia, ana watoto wawili wanaorushiana mito. Nimempa na maelekezo ya karoti. Wangu wameshaandaa sinema ya pili, ina gari linalolipuka, na wameniomba petroli kidogo na kiberiti. Hapo nimegoma.